Chujio hai la maji ya jikoni na bafuni: mwongozo kamili kwa nyumba ya watu sita, bila kunuka wala kuziba

Kila wiki napokea picha ileile. Pipa la lita 200, ndani mchanga, mkaa na kokoto, juu yake maji meusi yamesimama. Na maneno yanafanana: "Kaka, lilifanya kazi vizuri wiki mbili za mwanzo, sasa linanuka na maji hayapiti, nimekosea wapi?"

Pipa la kwanza nililojenga mimi nalo lilikufa hivyohivyo, kwa hiyo najua mnapokwama. Kosa ni lilelile karibu kila mahali: chujio linajengwa kama chekecheo. Chekecheo linazuia takataka tu. Sabuni iliyoyeyuka, uchafu wa mwili, maji ya wali na amonia havizuiliki na mchanga, vinapita kama chai inavyopita kwenye kichujio. Kinachoviondoa ni bakteria wanaoishi kwenye utando mwembamba unaoshika kila punje ya mchanga na kila jiwe. Ukiitoa kokoto kwenye chujio lililokomaa ukaisugua kwa vidole unahisi utelezi, basi ule utelezi ndo kiwanda chenyewe, mchanga ni nyumba yao tu.

Sasa kiumbe hai kinataka vitu vitatu: nafasi, chakula kisichozidi na hewa. Mwongozo wote huu ni namna ya kuwapa hivyo vitatu.

## Hili chujio ni la maji gani

Ni la maji ya kuoshea vyombo, kuogea na kufulia. Maji ya choo HAYAINGII humu, hayo yana mfumo wake na vimelea wake.

Maji yatakayotoka sio ya kunywa, sio ya kuoshea vyombo, na msimwagilie mchicha wala majani yoyote yanayoliwa mabichi. Bakteria wa chujio wanakula uchafu na wanapunguza vimelea lakini hawavimalizi. Migomba, mipapai, minazi, miti ya kivuli, hiyo ndo wateja wetu. Chumvi ya sabuni nayo haichujwi na mdudu yeyote, inapita.

## Vifaa

Hesabu hii ni ya watu sita wanaotoa kama lita 300 kwa siku, chujio la mita 2 kwa 3.

- Mchanga wa mto wenye punje kubwa, za milimita 1 hadi 2 hivi: kyubiki mita 3, ila nunua 4 maana kuosha kunapunguza.
- Kokoto ngumu za robo tatu ya inchi: kyubiki mita 1.2.
- Kokoto ndogo saizi ya punje ya hindi: kyubiki mita 1.2.
- Chenga za mkaa: kyubiki mita 0.6. Ukikosa, acha, nitaeleza.
- Plastiki nzito ya mabwawa ya samaki, wengi wanaiita laina, mita 5 kwa 6, kipande kimoja. Au tofali na plasta yenye dawa ya kuzuia maji.
- Bomba la inchi 4 mita 6, kwa ajili ya chini.
- Mabomba ya inchi 1 na nusu, mita 12, kwa ajili ya juu.
- Pipa la lita 200 lenye mfuniko, na chombo kingine cha lita 60 hadi 100 cha mtego wa mafuta.
- Ndoo moja ya lita 20 na makumbi ya nazi.
- Koki nne za inchi 1 na nusu, koki moja ya inchi 2 ya njia ya pembeni, elbo, tii, gundi ya bomba.
- Chandarua kidogo, vifuu vya nazi 18.
- Pima maji, futi kamba, drili yenye biti ya milimita 8, chekecheo, toroli.

Miche 24 ya matete, kana au vetiva tafuta mwishoni, usinunue mapema ikakauka.

## Hatua ya 1: Pima maji yako, usikisie

Kwa siku tatu mfululizo, mojawapo iwe siku ya kufua, hesabu ndoo za lita 20 zinazotumika jikoni, bafuni na kwenye kufua. Jumlisha, gawa kwa tatu.

Alafu tumia kanuni hii: mita moja ya mraba ya uso wa chujio inabeba lita 50 kwa siku. Lita 300 zinataka mita za mraba 6. Joto la pwani linawasaidia bakteria, ndo maana naweza kusema 50. Wa Njombe au Limuru kwenye baridi ongezeni nusu.

Sasa rudini kwenye pipa. Kipenyo chake ni kama sentimita 58, uso wake ni mita za mraba 0.26, kwa hiyo uwezo wake ni lita 13 kwa siku. Haijai hata ndoo moja! Na nyie mnalimwagia maji ya familia nzima. Hakuna mkaa wala dawa itakayookoa pipa hilo, tatizo lake ni ukubwa.

Umefanikiwa ukiwa na namba mbili kwenye karatasi: wastani wa siku na siku ya juu kabisa.

## Hatua ya 2: Angalia mteremko kabla hujachimba

Kutoka bomba la nyumba hadi maji yanapotoka mwisho unahitaji kushuka kama mita 2: mtego wa mafuta, pipa la kugawa, kisha chujio lenyewe la mita moja na kitu. Wenye viwanja vya Goba, Kimara au Makongo Juu hamna shida, mteremko mnao wa kumwaga. Wa Kigamboni na kwingine tambarare mna njia mbili: kuweka pampu ndogo ya kuzamisha ya kuyapandisha maji kwenye pipa, au kujenga chujio la kulala, ambalo nimelieleza mwishoni.

Tambarare ya pwani pia ina maji ya ardhini yaliyo karibu. Ukichimba shimo ukakuta maji kwenye mita moja, usichimbe, inua chujio juu kwa tofali. Laina iliyowekwa kwenye maji ya ardhini inanyanyuliwa kutoka chini kama puto na mabomba yote yanahama.

Na kaa mbali na kisima, isipungue mita 30, upande wa chini wa mteremko. Maji yanayotoka yana naitreti, yaani amonia iliyogeuzwa na bakteria, kwa mgomba ni mbolea lakini kwenye maji ya mtoto mchanga ni hatari.

## Hatua ya 3: Mtego wa mafuta na kikapu cha makumbi

Hapa ndo wengi mnaruka. Mafuta ya kupikia yakifika kwenye mchanga yanafunika punje zote, hewa inakata, na bakteria wazuri wanakufa kwa kukosa pumzi. Mchanga ulioshika mafuta hauoshwi ukarudi, unatolewa.

Chukua chombo cha lita 60 hadi 100. Maji yaingie upande mmoja karibu na juu, upande wa pili weka tii ambayo mguu wake unashuka hadi sentimita 20 juu ya sakafu ya chombo. Mafuta yanaelea, mabaki ya chakula yanazama, yanayotoka ni ya katikati. Tii iache wazi juu ili uweze kuingiza waya ikiziba. Maji ya jikoni tu ndo yapite hapa, ya bafuni yakija kwa kasi yanayavuruga mafuta yaliyotulia.

Baada ya mtego maji yote, pamoja na ya bafuni na kufulia, yapite kwenye ndoo ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, chini ya ndoo umetoboa matundu. Makumbi yanakamata nywele na nyuzi za nguo, vitu ambavyo havionekani lakini vinafuma zulia juu ya mchanga. Wiki za mwanzo yatatoa rangi ya chai, msiogope. Badilisha kila miezi miwili au mitatu, ya zamani yaweke kwenye shimo la mboji.

Kabla ya pipa weka tii yenye koki kuelekea shimo la zamani la maji machafu. Hiyo ni njia ya pembeni. Utaihitaji wiki za mwanzo, siku ya mvua kubwa, na siku mtu akimwaga jiki nyingi.

Umefanikiwa kama maji baada ya ndoo hayana macho ya mafuta juu yake, hata baada ya kuosha sufuria ya pilau.

## Hatua ya 4: Sanduku lisilovuja

Chimba au jenga mita 2 kwa 3, kina sentimita 115. Sakafu ishuke kidogo kuelekea upande wa kutokea, sentimita 3 kwa urefu wote wa mita 3 zinatosha. Toa mizizi na mawe makali, mwaga mchanga laini sentimita 5, tandaza laina, kingo zake zipande juu ya tuta la sentimita 15 kuzunguka chujio. Lile tuta ni la masika, maji ya uwanja yakiingia kwenye chujio yanaleta tope na tope ni kifo.

Jaza maji sentimita 30, weka alama, rudi kesho saa ileile. Yakishuka zaidi ya sentimita 1 kuna tundu, litafute sasa hivi maana baadaye litakuwa chini ya tani nane za mchanga na mawe. Turubai la kawaida msitumie, halimalizi mwaka.

## Hatua ya 5: Mabomba ya chini, ambayo pia ni pua

Laza mabomba mawili ya inchi 4 kwa urefu wa sanduku, yametobolewa matundu kila sentimita 10 pande zote mbili. Upande wa chini yanaungana na kutoka nje. Upande wa juu kila moja linapinda kwa elbo na kupanda wima hadi nje ya chujio, sentimita 30 juu ya uso, mdomoni funga chandarua. (Mita 6 ulizonunua ni za kulaza, za kusimamisha na za kutokea ongeza kulingana na eneo lako.)

Mtu akiona hayo mabomba wima anadhani ni urembo. Hiyo ni pua ya chujio. Ili kugeuza gramu moja ya naitrojeni ya amonia kuwa naitreti bakteria wanahitaji karibu gramu 4.6 za oksijeni, ni nyingi sana na haziwezi kupita zote kutokea juu peke yake. Maji yakishuka yanavuta hewa nyuma yake, na nyingine inapanda kutoka chini kupitia hayo mabomba. Nimeshaona chujio limejengwa vizuri kila kitu, fundi kaziba bomba za hewa "zisiingie panya", likaanza kunuka yai bovu ndani ya mwezi. Chandarua kinatosha kwa panya.

## Hatua ya 6: Kuchagua na kuosha vya kujazia

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kiini.

Mchanga. Ukihesabu, kyubiki mita moja ya mchanga wenye punje za milimita 1 ina uso wa kama mita za mraba 3,600 ukijumlisha punje zote. Kokoto za milimita 20 zina kama 180 tu. Kwa hiyo kyubiki zetu 3 za mchanga zinawapa bakteria nafasi inayozidi uwanja mmoja na nusu wa mpira. Sasa utasema basi tuchukue mchanga laini zaidi tupate nafasi kubwa zaidi. Hapana. Mchanga laini unashika maji kati ya punje kama sponji na hewa haiingii, alafu utando ukinenepa njia zinazibana. Mchanga wa ufukweni ndo usiuguse, ni laini, una chumvi na una vipande vya makombe.

Kipimo cha kwanza: chupa ya lita moja na nusu, jaza mchanga nusu, ongeza maji, tikisa, acha saa moja. Juu ya mchanga utaona tabaka la tope. Kama mchanga una kina cha sentimita 10, tope lisizidi milimita 3.

Kipimo cha pili: kata bomba la inchi 4 urefu wa sentimita 30, funga wavu chini, jaza mchanga uliolowa sentimita 20, mwaga nusu lita ya maji na anza kuhesabu. Rudia mara kadhaa hadi muda usibadilike. Maji yakiisha kati ya sekunde 50 na 150 mchanga unafaa. Chini ya hapo yanakimbia kabla bakteria hawajala, zaidi ya hapo utaziba.

Kokoto. Ziwe ngumu. Dar zile za Lugoba ni nzuri, lakini mawe ya matumbawe yanamomonyoka na unga wake unaziba chini. Kamulia ndimu au dondosha siki juu ya jiwe, likitoa povu dogo dogo ni chokaa, liache. Wa Arusha, Moshi na Tukuyu mna bahati, yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu vingi ni nyumba bora kuliko kokoto, tumieni hayo.

Mkaa. Watu wanauamini kupita kiasi. Mkaa mpya unavuta rangi na harufu ndani ya vitundu vyake, lakini vikijaa, wiki chache tu, hiyo kazi imeisha, na ndo zile "wiki mbili za mwanzo lilifanya vizuri". Baada ya hapo mkaa unafaa kwa sababu nyingine: vile vitundu vinakuwa makazi ya bakteria. Ni msaada, sio nguzo. Usikatiwe mti kwa ajili ya chujio, nenda kwa muuza mkaa umuombe chenga zinazobaki chini ya gunia, chekecha ubaki na saizi ya punje ya hindi hadi haragwe, toa vumbi lote. Loweka siku tatu hadi nyingi zizame. Za kuelea tupa, na majivu usilete kabisa.

Kuosha. Hakuna njia ya mkato. Toroli, bomba la maji, koroga kwa koleo, mwaga maji machafu, rudia mpaka yanayomwagika yaonekane safi. Inaweza kuchukua siku mbili watu wawili. Chimba kishimo pembeni maji ya kuoshea yatulie, tope lizame, uyatumie tena.

Umefanikiwa kama ukishika konzi ya mchanga uliolowa ukaachia, kiganja kinabaki safi.

## Hatua ya 7: Kupanga matabaka

Kutoka chini kwenda juu:

1. Kokoto za robo tatu, sentimita 20, zifunike mabomba.
2. Kokoto ndogo, sentimita 10.
3. Mkaa, sentimita 10. Kama huna, ruka, sanduku litabaki na nafasi zaidi juu.
4. Mchanga, sentimita 50.
5. Kokoto ndogo tena, sentimita 10, ili maji yasichimbe mchanga na mbu wasipate pa kutagia.

Msiweke kitambaa, gunia wala kapeti kati ya matabaka! Najua kuna video zinaonyesha hivyo. Kitambaa ndo kitu cha kwanza kuziba na kiko katikati ambapo huwezi kukifikia. Kokoto ndogo zinatosha kuzuia mchanga usishuke.

Mwaga mchanga taratibu kwa ndoo, sawazisha kwa ubao, usikanyage. Ukilazimika kuingia simama juu ya ubao mpana. Nyayo zinabana mchanga na maji yatapita pembeni tu. Uso wa juu pima kwa pima maji, lazima uwe sawasawa kabisa.

## Hatua ya 8: Pipa la kugawa na mabomba ya juu

Maji yakidondoka tone tone siku nzima yanachagua njia moja, hapo panaoza na kwingine kunakauka. Tunataka maji mengi kwa mpigo, yafunike uso wote, alafu kimya. Wakati wa kimya hewa inaingia na bakteria wanakula kilichobaki.

Pipa la lita 200 liwe juu ya uso wa chujio kwa sentimita 50 au zaidi, chini lina koki. Kutoka hapo mabomba matatu ya inchi 1 na nusu yatandazwe kwa urefu juu ya kokoto, kila moja na koki yake, yameachana kama sentimita 65. Toboa matundu 6 ya milimita 8 kwenye kila bomba, yaangalie chini, na chini ya kila tundu weka kifuu cha nazi kimegeuzwa ili maji yatawanyike. Mwisho wa bomba weka kizibo cha kufungua, utakifungua kila mwezi kusukuma uchafu nje.

Pipa lifunikwe, bomba lake la hewa lifungwe chandarua, na mfuniko mtoto asiweze kuufungua.

Ratiba: lita 150 asubuhi, lita 150 jioni. Siku ya kufua ongeza mara moja au mbili katikati, kila mara ziachane saa nne au zaidi. Maji yasilale kwenye pipa zaidi ya siku moja, yataanza kuoza humo humo na utalaumu chujio bure.

Umefanikiwa kama ukifungua koki pipa linaisha ndani ya dakika tano hivi, matundu yote 18 yanatoa, na nusu saa baadaye juu hakuna maji.

## Hatua ya 9: Panda

Matete, kana au vetiva, miche minne kwa kila mita ya mraba. Chomeka hadi mizizi ifike kwenye mchanga. Wiki mbili mwagilia maji safi.

Mimea inakula sehemu ndogo tu ya uchafu, tusiidanganye. Kazi yake kubwa ni mizizi kutikisa mchanga na kuufungua ukiwa unataka kuziba. Mgomba usipande ndani, mzito mno. Panda nje pale maji yanapotokea.

## Hatua ya 10: Kuwaamsha bakteria, wiki sita mpaka nane

Ukimaliza ujenzi una sanduku la mchanga, bado huna chujio. Ukifungulia maji yote siku ya kwanza hakuna wa kuyala, yanaozea mle ndani, na umejiharibia kabla hujaanza.

Wiki ya 1 na 2: lita 50 mara mbili kwa siku. Wiki ya 3 na 4: lita 100 mara mbili. Kuanzia wiki ya 5: lita 150 mara mbili. Yanayobaki yapeleke njia ya pembeni.

Mbegu ya bakteria haihitaji kununuliwa. Maji yenyewe yanao. Ukitaka kuharakisha, chukua nusu ndoo ya udongo wa mahali maji ya bafuni yamekuwa yakitiririka miaka mingi, koroga na maji, acha yatulie, mwaga yale ya juu tu kwenye chujio. Tope usimwage.

Kwanini wiki nyingi hivyo? Bakteria wanaokula sabuni na mabaki ya chakula wanazaliana haraka, siku chache tu utaona maji yanaanza kung'aa. Wanaoshughulikia amonia ni wapole sana, kundi lao linahitaji karibu siku nzima au zaidi kuongezeka mara mbili, alafu wanafika kazini wa mwisho. Hapo katikati maji yanaweza kuonekana safi lakini yananukia mkojo kidogo. Vumilia.

Wakati huu jiki, dettol na dawa za kuzibua masinki ni marufuku. Hata baadaye, kifuniko kimoja kwenye ndoo ya kufulia sawa, nusu chupa hapana.

Namna ya kujua limekomaa:

Jaza glasi, iweke juu ya maandishi ya gazeti, usome bila shida. Tikisa chupa ya maji hayo, povu liishe haraka. Alafu kipimo ninachokiamini kuliko vyote: jaza chupa mpaka juu kabisa, ifunge, iweke kabatini gizani siku tano. Fungua unuse. Ikinukia udongo uliolowa, bakteria wamemaliza kazi. Ikinukia yai bovu au imekuwa nyeusi, bado kuna uchafu umebaki na chujio linataka muda au umelizidishia mzigo.

Maduka ya samaki wa mapambo yanauza vipimo vya amonia na naitreti. Amonia ikishuka huku naitreti ikipanda, wale wapole wameshafika. Ukitaka uhakika wa maabara waambie wapime BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wangehitaji kula uchafu uliobaki kwenye maji, kikomo cha maji ya kumwaga kwa Tanzania na Kenya ni miligramu 30 kwa lita.

## Utunzaji

Mtego wa mafuta toa mafuta kila wiki, yafukie, usiyamwage kwenye mtaro. Kila mwezi fungua vizibo vya mabomba ya juu na angalia usawa wa kokoto. Majani makavu yaondoe kabla hayajaoza juu. Mimea kata mara mbili kwa mwaka.

Mkisafiri mwezi mzima, bakteria wengi watakufa njaa. Mkirudi anzeni na nusu ya maji kwa wiki moja.

## Likiumwa

Maji yanasimama juu zaidi ya saa moja. Funga koki ya bomba moja, liache eneo lake lipumzike siku saba hadi kumi likauke, bakteria watakula utando uliozidi. Zungusha hivyo mabomba yote matatu, na wakati huo maji yanayozidi yapeleke pembeni. Isipotosha, sogeza kokoto za juu, toa mchanga sentimita 5 za juu, weka ulioshwa. Msichimbe chini zaidi, tatizo karibu siku zote liko sentimita za juu.

Harufu ya yai bovu. Hewa imekata. Angalia mabomba wima, kisha bomba la kutokea kama limezama kwenye maji au tope, kisha ratiba yako ya kumwaga.

Maji yanatoka haraka na machafu. Kuna njia imejichimba, mara nyingi pembeni kwenye laina. Itafute kwa kumwaga ndoo moja sehemu moja moja, ukiiona fukua na jaza mchanga upya.

Maji meusi kidogo wiki za mwanzo. Vumbi la mkaa, litaisha. Likizidi mwezi mkaa haukuoshwa.

Kingo za majani ya mgomba zinaungua. Ni chumvi ya sabuni. Punguza sabuni ya unga, hamishia maji kwenye miti mingine kwa zamu, na mvua ikinyesha itaosha udongo.

## Kwa wa viwanja tambarare

Chujio la kulala linataka kushuka sentimita chache tu. Kina sentimita 60, lote kokoto za milimita 5 hadi 20, maji yanaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, na uso wa maji unabaki sentimita 10 chini ya uso wa kokoto muda wote, unaurekebisha kwa elbo ya kuzungusha pale mwisho. Halihitaji pipa la kugawa. Mtego wa mafuta na makumbi vinabaki vilevile, na kuwaamsha bakteria ni vilevile.

Ila kwa sababu limejaa maji hewa ni kidogo, kwa hiyo amonia linaiondoa vibaya na eneo lazima liwe mara mbili: mita za mraba 12 kwa hizo lita 300, urefu mita 6 na upana 2. Mita ya kwanza pale maji yanapoingia tumia kokoto kubwa zaidi, za saizi ya ngumi, ndo sehemu inayoziba kwanza na utaitoa na kuiosha baada ya miaka kadhaa bila kugusa zilizobaki.